Niliajiri mrembo wa kompyuta anivalie kanga

Desemba iliyopita, msimu wa kicheni pati ukiwa umepamba moto, nilikuwa na magauni kumi na manne ya kanga ya kuuza na hela ya kumlipa mwanamitindo sina. Binti ninayempiga picha siku zote anachukua 60,000 kwa asubuhi moja, na ni haki yake. Mdogo wangu akaniambia, dada, siku hizi watu wanatumia akili mnemba. Unapiga picha gauni likiwa kwenye henga, programu inakupa mrembo amelivaa, kasimama ufukweni.

Nikajaribu. Dakika tano tu, ninaye mrembo shingo ndefu, ngozi inang'aa kama katoka kupakwa mafuta ya nazi. Nikaposti. Laiki zikamiminika usiku kucha.

Asubuhi mteja wa Tanga akaniandikia: "Dada, hiyo kanga imeandikwa nini?" Nikakuza picha. Kanga yangu ilikuwa "Wema hauozi", na nilikuwa nimekata kitambaa kwa makusudi ili jina likae mbele, juu ya pindo. Kwenye picha palikuwa na vitu vinavyofanana na herufi, lakini hakuna neno hata moja. Michoro ya korosho ya pembeni imekuwa kama samaki. Na watu wa Tanga kwa kusoma kanga huwawezi, ndugu yangu, ningejua ningeanza na wateja wa mkoa mwingine.

Hilo la jina nilicheka. Lililoniuma ni magauni mawili yaliyorudishwa wiki hiyohiyo, kila mteja akilalamika kwamba kiuno hakikai kama pichani. Walikuwa sahihi. Nikaweka picha ya henga na ya mrembo pamoja, nikaona: programu haikumvalisha mtu gauni langu. Ilichora gauni jipya linalofanana na langu, likamkaa vizuri kwa sababu limechorwa pamoja na mwili wake. Mimi nilikuwa natangaza nguo ambayo sijaishona. Ukijumlisha nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na hela niliyorudisha, ile 60,000 niliyoikwepa nililipa na chenji juu.

Wanaoniuliza kama roboti zitawafukuza wanamitindo, jibu langu linategemea unamaanisha kazi ipi. Roboti za chuma bado ni kichekesho cha jukwaani. Machi 2009 kule Tokyo roboti ya kike iitwayo HRP-4C, sentimita 158 na kilo 43, ilitokea kwenye onyesho la mavazi, na Julai mbunifu Yumi Katsura akaivalisha gauni la harusi. Mwaka 2023 wabunifu wa mavazi wa Coperni walileta mbwa wa chuma wa Boston Dynamics, kampuni ya roboti ya Marekani, jukwaani Paris. Kila mtu alikumbuka roboti. Nguo nani anazikumbuka?

Picha za katalogi ndizo zenye kuogopesha. Mango, kampuni ya nguo ya Hispania, walitoa tangazo la watu wa kuchorwa na kompyuta mwaka 2024, na Agosti 2025 tangazo la Guess, kampuni ya nguo ya Marekani, lenye mrembo wa aina hiyo likatoka ndani ya jarida la mitindo la Vogue la Marekani. Hata Shudu, yule "mwanamitindo" mweusi tii aliyesifiwa sana, alitengenezwa kwa kompyuta mwaka 2017 na mpiga picha mzungu wa Uingereza, Cameron-James Wilson. Wengi walikasirika, na mimi nawaelewa. Mabinti wenye rangi ile wapo wamejaa, wanatafuta kazi.

Sasa kwa wauzaji wenzangu. Mashine iachie usuli, yaani kile kinachoonekana nyuma ya nguo: ninapigia picha uani kwa fundi, nyuma kuna masufuria na kamba ya nguo, programu inayafuta vizuri kabisa. Kitambaa usikiguse. Ukilazimika kutumia mrembo wa kompyuta, andika wazi kwamba ni wa kompyuta, kisha weka na video fupi ya gauni lenyewe kwa mtu, hata jirani yako.

Januari nilimrudisha yule binti ninayempiga picha. Gauni la tatu, akanyanyua mkono kurekebisha kilemba, akakunja uso. "Dada, hapa kwapani panakata." Nikamwambia akae kwenye kigoda kama yumo kwenye bajaji. Mshono wa nyuma ukalia. Gauni lile nilikuwa nimeshalikata pisi tisa kwa kipimo kilekile. Nilipanua kwapa zote kabla hazijatoka dukani.

Na ninyi mabinti, soma kabla ya kusaini. Yule binti wa picha zangu aliwahi kuambiwa na mpiga picha mmoja azunguke taratibu mbele ya kamera "ya majaribio", bila malipo. Alikataa, maana picha kama hizo zinaweza kutumika kumtengenezea nakala ya kompyuta. Huko New York, tangu Juni 2025, sheria inataka idhini ya maandishi kabla ya kutengeneza nakala ya kompyuta ya mwanamitindo. H&M nao, wauza nguo wa Sweden, walipotangaza nakala za wanamitindo 30 mwaka huohuo, walisema haki za nakala zinabaki kwa wenyewe. Sisi tuliandika mstari mmoja kwa kalamu chini ya makubaliano yetu: picha hizi ni za kuuzia magauni haya tu, kwa mwaka mmoja, na sura ya binti isitumike kutengeneza picha nyingine bila kumuuliza na kumlipa.

Nikasaini mimi, akasaini yeye, akanitajia bei mpya: 75,000.

Nikalipa.