Orodha ya wateja ikiondoka na mfanyakazi

Pole ndugu. Yaani kijana wa mauzo kaacha kazi, na namba zote za wateja wa duka lako la vifaa vya ujenzi zimo kwenye simu yake! Yalinikuta, mwezi mzima niliomba namba kwa madereva wa kirikuu.

Anza na laini. Sajili laini ya kampuni, oda zote zipite humo. Kisha fungua daftari moja kwenye kompyuta: mteja, anachonunua, deni lake. Mtu wa stoo aone mzigo tu, madeni hayamhusu. Nakala weka pengine kila wiki (flashi yangu iliwahi kuungua).

Ila ukitunza taarifa za wateja hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ya Tanzania inataka ujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na kabla ya kumshtaki kijana, muone wakili, mkataba mkononi.