Muulize Shangazi: "Mume wangu ananipeleka uwanjani kwenye baridi"

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Morogoro, nimeolewa na Mtanzania mwenzangu anayefanya kazi hapa Michigan. Alisoma Chuo Kikuu cha Michigan, na ikifika Septemba Jumamosi zake zote ni za futiboli ya Kimarekani. Mimi humwachia sebule. Sasa amenunua tikiti mbili za mechi ya Michigan na Ohio State, Jumamosi ya mwisho ya Novemba mjini Ann Arbor, na furaha aliyonayo sijaiona tangu siku ya harusi yetu. Mchezo wenyewe siuelewi. Baridi nayo, nikisimama tu kituo cha basi vidole vinauma mpaka machozi. Navaa hijabu na sijui nitajifunika vipi. Rafiki yangu ananiambia nikatae kwa sababu nitamharibia siku. Nikikataa naogopa kumvunja moyo. Niende? Na nikienda, nifanyeje nisigande?*
*— Mgeni wa Baridi, Ypsilanti*

Marahaba, mwanangu. Nenda. Ila usiende na hilo koti la kwendea kazini wala na viatu vya raba.

Kwanza ujue umealikwa wapi. Timu hizi mbili zilikutana mara ya kwanza mwaka 1897, na siku yao huku inapokewa kama sisi tunavyoipokea siku ya Simba na Yanga: ndugu hawasemezani mpaka Jumapili. Kule Columbus, wiki ya mechi, wanafunzi wa Ohio State huzunguka chuoni kwao wakiziba kila herufi M kwenye mabango kwa utepe mwekundu, kwa kuwa M ni ya Michigan. Uwanja mtakaoingia ulifunguliwa 1927 na una nafasi ya watu 107,601. Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa kule Dar es Salaam, pamoja na ukubwa wake wote, ni 60,000. Tena sehemu kubwa ya uwanja huo imechimbwa chini ya ardhi, hivyo unaingia getini ukiwa juu, halafu unashuka ngazi kuelekea kwenye nyasi. Ukifika pale mlangoni na kuona watu wote wale wamejaa chini yako kwa mkupuo mmoja, utaelewa kwa nini mumeo hatulii.

Sasa niseme jambo ambalo rafiki yako hakukuambia. Fikiria mumeo alipofika Ann Arbor. Kijana peke yake, Kiingereza chake watu wanakiomba akirudie mara mbili, chakula hakina ladha, na jioni inaingia saa kumi na moja. Vijana wetu wengi niliowapokea nyumbani kwangu hapa Michigan wananieleza kitu kilekile: mahali pa kwanza ambapo mtu asiyewajua aliwakumbatia ni jukwaani, timu ilipofunga. Darasani walikuwa wageni, kwenye maabara walikuwa wageni, lakini Jumamosi wakiwa na kofia ya bluu walikuwa wa kwao. Mumeo hakununua tikiti ya pili kwa ajili ya mchezo tu. Anakupeleka ukaone mahali alipoacha kuwa mgeni. Hilo mwanamke haliachii kwa sababu ya upepo.

Baridi tuizungumze kwa kina, maana ndiyo adui wa kweli wa siku hiyo. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia jua la Raskazone, na baba watoto wangu ni mgonjwa wa futiboli kama mumeo. Ninayokuambia nayafanya kila msimu.

Mwisho wa Novemba joto hapa huzunguka sifuri, na ukikaa saa tatu na nusu bila kutembea, mwili hauna pa kupata moto. Sehemu kubwa ya viti vya pale ni mabenchi marefu ya alumini, na alumini inanyonya joto la mwili bila huruma. Chini ya miguu kuna zege, nalo linafanya hivyohivyo kupitia soli. Kwa hiyo kabla ya koti fikiria makalio na nyayo. Kata boksi la kadibodi vipande viwili, kimoja cha kukalia juu yake blanketi lililokunjwa, kingine cha kukanyaga. Kipande hicho cha kukanyaga watu wengi hawakijui, na ndicho kinachookoa vidole vya miguu. Kabla ya kutoka soma kanuni za uwanja kwenye tovuti yao, kwa sababu mikoba hawairuhusu kabisa na chai yako ya tangawizi itaishia getini. Iache kwenye gari, mtainywa mkirudi.

Mwilini, pamba iepuke. Pamba ikinyonya jasho haikauki upesi, na jasho likipoa juu ya ngozi unatetemeka hata ukiwa na koti la bei. Nguo ya kwanza iwe ile nyembamba ndefu ya baridi, juu na chini, ya sufu au ya nailoni. Juu yake sweta la sufu, kisha koti zito, na la mwisho liwe la kuzuia upepo. Soksi vaa za sufu, jozi moja nene. Ukilazimisha jozi tatu ndani ya kiatu kinachobana, damu haifiki vidoleni na utaganda haraka zaidi kuliko mwenye jozi moja. Buti liwe na nafasi ya kuchezesha vidole. Glavu chagua za mfuko mmoja, zile zinazoweka vidole vinne pamoja ili vipashane joto.

Vile vifuko vidogo vya kupasha mikono vinauzwa kila duka wakati huu. Ndani yake mna unga wa chuma, na ukifungua karatasi unga unakutana na hewa, unaanza kutoa moto polepole. Vifungue mkiwa bado garini, viwe vimeshachangamka mnapofika. Kuna vingine bapa vya kubandika chini ya soksi, nunua na hivyo.

Hijabu ni faida yako, mwanangu. Wenzako watahangaika na masikio na shingo, wewe umeshazifunika. Ndani vaa ile kofia ya sufu inayobana kichwa, juu yake mtandio mzito, ncha zake uziingize ndani ya koti. Rangi tu uangalie. Nyekundu na kijivu ni za Ohio State, na hata mtandio mwekundu wa bahati mbaya utakuletea maneno siku hiyo. Vaa bluu, au njano ya mahindi, rangi za Michigan. Kama unatunza swala, mechi hii kwa kawaida huanza saa sita mchana. Adhuhuri itaingia mchezo ukiwa umeshaanza, na Alasiri itaingia kabla haujaisha, kwa hiyo nafasi yako ni mapumziko, ambayo ni dakika 20. Mwambie mumeo mapema mtafute kona tulivu kwenye korido.

Kutoka maegesho hadi uwanjani ni mwendo mrefu. Usitembee na kila kitu mwilini. Koti la juu na sweta vishike mkononi, uvae ukishakaa, kwani jasho la njiani ndilo baridi ya robo ya tatu ya mchezo, maana mchezo huu una robo nne. Na simu iweke mfuko wa ndani, karibu na kifua. Tikiti siku hizi zimo kwenye simu, na betri kwenye baridi inakufa ghafla.

Mchezo wenyewe hauhitaji kusomea. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita 9. Wakifaulu wanapewa mengine manne. Wakishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani, na ndiyo maana mara nyingi jaribio la nne utawaona wanaupiga teke mbali. Wakiufikisha mpira eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, kisha wanaongezewa nafasi ya pointi 1 kwa teke au 2 kwa kucheza. Teke la kupita kati ya nguzo, pointi 3. Muulize mumeo swali moja tu mkiwa pale: "Hili ni jaribio la ngapi?" Ukilijua hilo, utajua lini kelele zinakuja na kwa nini.

Mfike mapema, bendi isiwapite. Mimi ningelipa tikiti kwa ajili ya bendi peke yake. Inatoka kwenye njia ya chini ikikimbia, na kiongozi wao anajipinda kinyumenyume mpaka kofia yake inagusa nyasi, uwanja mzima unapiga ukelele. Baadaye wachezaji nao hutoka wakirukia bango la bluu lililoshikwa katikati, kila mmoja anataka aliguse. Hapo usimwangalie mchezaji, mwangalie mumeo.

Ukitaka kumfurahisha njiani, muulize habari za mechi ya theluji ya 1950. Ilichezwa Columbus katikati ya dhoruba. Timu zote mbili kwa pamoja zilipiga mpira mbali kwa teke mara 45, kwa sababu hakuna aliyeweza kusonga. Michigan hawakupata yadi 10 hata mara moja na bado walishinda 9 kwa 3. Ataongea mpaka mfike.

Lakini na yeye ana wajibu, na haya muyaseme nyumbani kabla ya siku, msingoje kuyasema meno yakigongana. Aliyealika ndiye anayebeba kadibodi na blanketi. Mkubaliane kwamba wakati wa mapumziko atakuuliza hali yako, na ukisema vidole vimekufa ganzi na havirudi, mtaondoka pamoja bila kununa. Ganzi isiyorudi si ya kuvumilia kwa ajili ya mapenzi, ngozi inaweza kuharibika kweli. Wewe nawe usijifanye shabiki. Mwambie ukweli: "Nakuja kwa sababu yako, nifundishe." Mwanamume mwenye akili akisikia hivyo atakufunika kwa koti lake mwenyewe.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Mombasa, naishi Minneapolis. Mchumba wangu amefika kutoka nyumbani Agosti na hajawahi kuona theluji. Nataka nimshtukize na tikiti za Minnesota na Wisconsin mwisho wa Novemba, ile mechi ya kugombea shoka. Waonaje?*
*— Shabiki wa Minnesota*

Marahaba, mwanangu. Kumshtukiza, hapana. Mtu hashtukiziwi baridi ya Minnesota. Zamani timu yenu ilicheza chini ya paa, lakini tangu 2009 uwanja uko wazi na upepo unapita unavyotaka. Hilo shoka la Paul Bunyan, mkata miti wa hadithi za Kimarekani, ndilo kombe la mechi hiyo, linagombewa tangu 1948, na mwakani litagombewa tena.

Anza na mechi ya Oktoba, siku ya jua, avae sweta tu, ale, acheke, ajifunze kushangilia. Wiki ile ile mpeleke dukani umnunulie buti zilizozidi saizi yake kidogo, na yeye mwenyewe achague koti. Kisha muulize kama angependa kwenda Novemba. Akisema bado, nenda na marafiki zako, umpigie simu wakati wa mapumziko, na ukirudi umsimulie.