Kikomo cha urefu wa nyumba Washington

Ndugu, wengi husema kwamba Washington, mji mkuu wa Marekani, nyumba hairuhusiwi kupita kwa urefu kuba la Capitol, jengo la Bunge, lakini hiyo ni hadithi ya waongoza watalii. Sheria ya Bunge la Marekani ya 1910 inaangalia upana wa barabara. Kwenye barabara ya makazi mwisho ni futi 90, kama mita 27. Kwenye ya biashara unachukua upana wa barabara, unaongeza futi 20, ila huvuki 130. Kipande cha barabara ya Pennsylvania Avenue pekee ndicho kinachofika 160.

Chokochoko ilianzia kwenye Cairo, jengo la fleti la 1894 lenye futi 164. Majirani walikuja juu, na kufikia 1899 sheria ya kwanza ilishapita. Jengo lenyewe bado lipo, na watu wanaishi humo!

Ila hivyo ni vikomo vya juu kabisa. Kanuni za mipango miji za jiji lenyewe hubana zaidi, na mitaa mingi ya nyumba zilizoungana ukuta kwa ukuta huishia ghorofa tatu hivi. Kwa hiyo angalia kwanza kiwanja kiko kanda gani.