Tetemeko la ardhi: anzieni chumba cha kulala

Tetemeko la Toro, huku magharibi mwa Uganda, la mwaka 1966 lilipiga tarehe 20 Machi, kabla ya saa kumi na moja alfajiri, watu wakiwa usingizini. Liliua zaidi ya watu 100 kwetu na ng'ambo ya mpaka wa Congo, na kanisa kuu la Virika mjini Fort Portal likaanguka. Lile la Kisomoro nalo lilikuja usiku wa manane, kuamkia tarehe 6 Februari 1994. Sisi wa Kasese tunaishi ndani ya Bonde la Ufa lenyewe, na ardhi hapa haijaacha kutanuka. Ndiyo maana majirani wakiniuliza waanzie wapi kujiandaa, nawaambia: anzieni pale mnapolala.

Kwangu, chumba cha watoto hakina kitu kizito kilichokaa juu ya usawa wa vichwa vyao. Yale masanduku ya bati wanayokwenda nayo bwenini, ambayo nyumba nyingi huyapanga juu ya kabati, yanakaa chini ya kitanda. Kabati limefungwa ukutani kwa vyuma na skrubu. Kitanda hakiko chini ya dirisha. Kila mtu ana viatu kwenye mfuko uliofungwa mguuni mwa kitanda, kwa sababu baada ya mtikisiko sakafu hujaa vioo na umeme huwa umekatika. Tochi iko hapo hapo.

Halafu kuna funguo, na hapa naomba mnisikilize sana. Nyumba zetu tumezizungushia vyuma madirishani, na mlango una komeo mbili na kufuli kwa ajili ya wezi. Sitaki mtu aache kufunga. Lakini ufunguo unaolala kwenye mkoba wa mama au mfukoni mwa suruali ya baba ni hatari kwa nyumba nzima. Wetu unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, mahali ambapo mwizi aliye dirishani hawezi kuufikia, na kila mtoto anajua kuutafuta gizani kwa mkono. Huwa tunajaribu taa zikiwa zimezimwa. Mtoto wetu mdogo hupenda zamu yake kuliko wote.

Kinachoua hasa ni ukuta. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la Bukoba, Tanzania, lenye ukubwa wa 5.9, lilivuka mpaka na kuangusha nyumba hadi Rakai, upande wetu wa Uganda, watu wakafa. Ukijenga, mwambie fundi aweke mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka nyumba yote juu ya madirisha na milango, si vipande vya renta juu ya kila dirisha peke yake. Matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa tope kisha yakapakwa plasta nzuri yanapendeza macho, lakini hayashikani. Ule ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kilele cha paa ndio huwahi kuanguka. Sehemu hiyo ni heri iwe ya mbao au mabati. Wala msiidharau nyumba ya fito na udongo. Ikifungwa vizuri huyumba bila kuporomoka haraka, mradi mchwa hawajala nguzo.

Ardhi ikianza kutikisika ukiwa kitandani, lala kifudifudi, funika kichwa na shingo kwa mto, subiri itulie. Ukiwa sebuleni, ingia chini ya meza imara na ushike mguu wake. Wengi huumia wakikimbia, matofali yakiwaangukia mlangoni. Lakini kama nyumba ni ya matofali ya udongo, nawe uko hatua mbili tatu kutoka mlango unaofungukia uwanja wazi, mimi ningetoka.

Ikitulia, zima jiko la mkaa, funga gesi, zima swichi kuu, tokeni. Mitikisiko mingine hufuata, kwa hiyo nyumba yenye ufa mpya msilale ndani yake. Walio kwenye miteremko ya Rwenzori waangalie mawe na maporomoko. Mto ukipungua ghafla, huenda umezibwa huko juu, ondokeni kando yake mara moja. Mtandao ukielemewa, ujumbe mfupi hupita kirahisi kuliko kupiga. Sisi tumekubaliana kila mtu amwandikie shangazi wa watoto aliye Mbarara. Vitambulisho, hati ya kiwanja na dawa za bibi viko kwenye begi moja karibu na ule msumari wa ufunguo.

Na kama mtoto wako yuko bweni, siku ya kumtembelea ingia bwenini uone vitanda vya ghorofa vimefungwa ukutani au la. Kisha muulize mkuu wa shule: usiku, mlango huu ukifungwa kwa kufuli, ufunguo anao nani, naye analala wapi? Akisema mlinzi wa getini, zungumza na wazazi wenzako, mrudi kwake pamoja.