Mbona mchoro una watu wanaocheza, lakini unatia unyonge?

Ndugu yangu, kwenye ule mchoro wa mchoraji Pieter Bruegel Mzee wa mwaka 1565, wawindaji wakirudi kwenye theluji, unyonge unaousikia unaanzia kwenye anga. Itazame tena. Si buluu, ni kijani kilichofifia, na rangi hiyohiyo ameirudia kwenye madimbwi yaliyoganda bondeni. Juu baridi, chini baridi, jua halionekani popote.

Halafu wawindaji wametupa mgongo. Nyuso zao hatuzioni, ila mabega yanasema yote: wamechoka, mbwa nao vichwa vimeinama, na mawindo yenyewe ni mbweha mmoja tu, ananing'inia kwenye mkuki. Hapo ndipo moyo wangu hushikwa kila nikiutazama. Pale kushoto kuna moto mbele ya nyumba ya wageni, nao wanaupita bila hata kuugeukia.

Wanaoteleza kwenye barafu amewachora wadogo mno, weusi, mbali kabisa. Furaha yao tunaiona, lakini haitufikii. Ukipata nafasi ya kufika Vienna, Austria, mchoro uko kwenye jumba la makumbusho la Kunsthistorisches. Simama mbali kwanza, ndipo usogee.