Kilimanjaro Marathon na familia: kwa mama mkwe nenda baada ya mbio

Nusu marathoni yangu ya kwanza pale Moshi niliikimbia nikiwa na kisusio tumboni. Kwa wasiokijua, kisusio ni supu ya Kichaga ya damu na nyama ya mbuzi, na kikipikwa na anayekijua ni kitamu hasa. Kwa hiyo kosa si la kisusio. Kosa ni langu mimi niliyefikia kwa wakwe, Uru, Jumamosi jioni, mbio zikiwa Jumapili asubuhi. Niliomba wali mtupu. Mama mkwe akanitazama kama anayemwona mgonjwa. "Baba Imani, kesho una kazi. Kula."

Wewe ungekataa? Nilikula, nikaongezewa, shemeji naye akaleta mbege, pombe ya ndizi, eti ya kulainisha.

Kesho yake, njia ya kupanda Mweka, tumbo likaanza kudai chake. Niliacha barabara nikaingia kwenye migomba hadi kwenye nyumba ya watu. Kijana aliyekuwa getini akishangilia wakimbiaji alielewa kabla sijafungua mdomo, akaninyooshea kidole choo cha nyuma. Namshukuru hadi leo. Nilimaliza, lakini muda wangu siutaji mbele za watu.

Nimerudi mara tatu tangu hapo, kila mara na mke wangu na watoto wawili kutoka Dar. Wanaoniuliza kuhusu raba na mazoezi ni wengi. Huwa nawajibu kwamba mazoezi utayapata popote. Kinachoangusha watu ni Ijumaa na Jumamosi ya kabla ya mbio.

Lakini tuanze na hayo mazoezi. Sisi wa Dar joto tunalo, vilima ndivyo hatuna. Ukizoea kukimbia Coco Beach na daraja la Tanzanite utajiona mwamba, kisha Mweka itakuumbua. Njia ya kilomita 21 inatoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, na karibu nusu yake ni kupanda kuelekea mlimani, kati ya kahawa na migomba, kabla ya kugeuza na kurudi mjini. Moshi mjini kwenyewe si juu sana, mita mia nane na kitu, kwa hiyo hewa haitakutesa. Kitakachokutesa ni ule mwinuko usioisha. Miezi miwili ya mwisho mimi huhamia Goba na Madale kila Jumamosi, napanda na kushuka hadi bodaboda wananizoea. Na kushuka nako ni zoezi. Mwaka wa pili nilipanda vizuri, nikageuza kwa furaha, nikajiachia mteremkoni kama baiskeli isiyo na breki. Kilomita tatu za mwisho mapaja yalikuwa mawe.

Sasa safari. Mbio huwa Jumapili, mwishoni mwa Februari au hapo karibu, na Dar hadi Moshi kwa basi ni kutwa nzima. Ukisafiri Jumamosi umeshaharibu: miguu inavimba, watoto wamechoka, na wewe unatafuta chumba mji ukiwa umejaa. Sisi tunaondoka Alhamisi usiku au Ijumaa alfajiri, na chumba tunakuwa tumeshakilipia tangu Desemba. Basi likisimama Korogwe, nashuka natembea hata kama sina njaa. Namba ya kifuani naichukua Dar siku chache kabla, kwa sababu hugawiwa Dar na Arusha pia, na kupanga foleni Moshi Jumamosi mchana, jua likiwaka na watoto wawili wakiuliza ice cream, sikutakii.

Jumamosi ndiyo yenye mtego. Umeleta familia, mlima unawaangalia, kila mtu anataka kutalii. Mwaka ule wa pili tulikwenda maporomoko ya Materuni siku ya kabla ya mbio. Kutembea kidogo tu, waliniambia. Hakuna kutembea kidogo Materuni. Ni kupanda na kushuka kwenye njia ya udongo, na kurudi ukiwa umembeba mtoto mdogo mabegani. Siku hizi Jumamosi yangu ni ya kulala. Watoto na mama yao huenda sokoni, mimi nabaki na wali, ndizi mbivu na chupa ya maji. Mwanzoni niliona ni uchoyo. Mke wangu ndiye aliyesema, "Bora ununiwe Jumamosi moja kuliko tukusukume wiki nzima."

Kitu kingine kilichotusaidia: nao wana mbio zao. Kuna kilomita 5 za kujifurahisha, wazee, watoto, watu wanatembea wakipiga picha. Mke wangu na watoto hujiandikisha huko. Wanapata fulana na namba, na asubuhi hakuna anayelalamika kuamshwa gizani kwa ajili ya mbio za baba. Halafu mapema vile Kibo huwa peupe kabisa, kabla mawingu hayajaja kuifunika. Ukitaka picha ya familia na mlima, ipigwe wakati huo, usiseme tutapiga tukimaliza. Tukishamaliza huwa sote tuna sura za kukopa, na mlima umeshajifunika.

Kukutana uwanjani msitegemee simu. Watu ni maelfu, muziki unapigwa, na mimi simu sikimbii nayo. Tunachagua mahali Jumamosi jioni, tunakwenda wote tunapaona, na mtoto mkubwa anapataja kwa mdomo wake.

Turudi kwa mama mkwe, maana hapo ndipo palipohitaji akili. Kulala hotelini Moshi wakati wakwe wako Uru ni tusi, wenyewe mnajua. Ujumbe kama huo usiupeleke wewe mkwe. Mtume mwenye mama yake. Mke wangu alipiga simu wiki mbili kabla, akamweleza kwamba usiku wa Jumamosi nakula chakula cha mgonjwa, na Jumapili mchana hadi Jumatano sisi ni wake, atupikie anachotaka. Kimya kidogo kwenye simu. Kisha akauliza mbio zinaisha saa ngapi na wapi.

Mwaka ule nilipovuka mstari, nikatambaa hadi mahali petu pa kukutania, nilimkuta amekaa kivulini na kitenge chake cha kanisani, hotipoti mapajani. Mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Hajasema hongera wala pole, amefungua kifuniko tu. Nilikula vibakuli vitatu nikiwa nimekaa chini kwenye majani, raba nimezivua, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Jumatatu huwa tunakwenda chemchemi ya Chemka, barabara ya vumbi kutokea Boma Ng'ombe. Watu huiita maji moto lakini ni vuguvugu tu, maangavu hadi unahesabu mawe ya chini. Watoto wanaruka kwa kamba, mimi nakaa pembeni nimeloweka miguu, visamaki vinadonoa ngozi iliyochubuka. Safari iliyopita kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi, karibu kung'oka, na mdogo alikaa kando yangu akiilinda kwa kijiti ili samaki wasiichukue.