Shangazi Anajibu: Napenda Kufua, Vyombo Sivitaki

SWALI: Shangazi, salamu. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi na dada yangu mkubwa huku mtaa wa Umoja, Nairobi. Yeye ni muuguzi, kazi yake ni ya zamu. Mimi nauza vifaa vya simu katikati ya jiji. Shida yangu huenda ikakuchekesha. Napenda kufua. Jumamosi napanda juu ya paa na karai, redio na nguo zetu zote, shuka, mapazia, hata sare zake, na nikishuka jioni nasikia raha isiyo kifani. Majirani wananiita mama fua, sijali. Lakini vyombo, Shangazi! Nikiona sufuria ya ugali ndani ya sinki mwili unanisisimka. Niko radhi kupiga deki nyumba nzima ili nisiiguse. Dada anasema kazi ni kazi, anayechagua ni mvivu. Juzi alitoka zamu ya usiku akakuta vyombo vya jana. Hakusema neno. Aliviosha, akalala, na tangu hapo ananisalimia kama mpangaji. Je, mimi ni mvivu? Na mtu anaweza kujifunza kupenda kazi anayoichukia?
– Mfuaji, Umoja

JIBU: Mwanangu, mvivu hafui mapazia. Hilo tuliweke kando.

Kila mtu ana kazi yake ya nyumbani inayomkaa na ile inayomkera. Mimi nipe ungo na maharagwe ya gunia, yale yenye vijiwe na udongo, unisahau hapo. Vidole vinajua kazi yao, akili inakwenda inakotaka, na mtu akija kupiga soga simfukuzi. Lakini pasi? Nikinyoosha mkono wa shati, kola inajikunja. Nikirudi kwa kola, mkono umeharibika. Nguo zangu zinakwenda kwa dobi wa pale kona mwenye pasi ya makaa, wala sioni haya.

Sasa nirudi kwa barua yako, maana nimeisoma tena na kuna mambo umeyapita mbio. Kufua kwako kuna jua, kuna redio, kuna majirani wa kukutania. Tena kamba za juu ya paa hapa Nairobi haziachwi peke yake. Ukigeuza kisogo, suruali imepata mwenyewe mwingine. Kwa hiyo nusu ya kazi yako ni kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa ukilinda nguo zikauke. Hata mimi ningeipenda hiyo. Vyombo navyo huoshwa usiku, mtu akiwa amechoka na ameshiba, amekipa kisogo chumba chenye televisheni. Hakuna jirani anayekuona. Na kesho asubuhi sinki limejaa tena.

Hapo ndipo dada yako ana haki, ingawa neno alilotumia si lenyewe. Kazi unayoipenda wewe huja mara moja kwa wiki. Uliyomwachia yeye huja baada ya kila mlo. Ukihesabu kazi, mko sawa: wewe nguo, yeye vyombo. Ukihesabu saa, mambo ni mengine. Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, lilipima jinsi Wakenya wanavyotumia siku zao katika utafiti wa mwaka 2021, likakuta kwamba wanawake hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Wewe umewapita wanaume wengi kwa kushika karai, nakupongeza. Ila usije ukadhani karai limelipa deni lote.

Tuje kwa sufuria yenyewe. Unaposema unachukia vyombo, hebu jiulize ni nini hasa kinachokusisimua. Vikombe vya chai? Sidhani. Nashuku ni ukoko na mafuta baridi. Ukoko haupiganiwi. Ukishapakua ugali, mimina maji baridi ndani ya sufuria papo hapo, kabla hujaketi kula. Ukirudi utaukuta umeanza kuinuka pembeni, unabanduka vipande vipande kwa mwiko, hauhitaji kusugua mpaka ukucha ukatike. Ukiuacha hadi asubuhi unakuwa kama saruji, na aliyekutana na saruji hiyo juzi ni mtu aliyekesha na wagonjwa.

Mafuta ni habari nyingine, hasa mwezi wa Julai. Kwa baridi ile ya Nairobi, mafuta ya mgando hukaa kwenye sahani kama mshumaa, na ukimwagia maji ya bomba unayatembeza tu kutoka sahani hii hadi ile. Pangusa kwanza kwa kipande cha gazeti. Kisha chemsha birika moja la maji. Anza na gilasi na vikombe maji yakiwa safi, sahani zifuate, sufuria ziwe za mwisho. Ikiwa mnatumia jiko la makaa, usimwage jivu lote. Chukua kidogo, lichekeche, ulisugulie masizi ya nje. Jivu likikutana na mafuta na maji hufanya kazi kama sabuni. Bibi zetu walilitumia kabla sabuni ya dukani haijawafikia.

Halafu kuna maji. Huko kwenu maji ya kanjo, yaani ya bomba la jiji, huja kwa mgao. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na hayatutoshi sote. Siku nyingine mnajaziwa maji ya kisima, yenye chumvi, ambayo sabuni ya kipande hugoma kutoa povu na kuacha utando mweupe tu. Nakushuku, mwanangu, kwamba maji matamu unayatunzia Jumamosi yako na yale magumu ndiyo yanabaki jikoni. Tenga mtungi mmoja wa maji mazuri kwa vyombo, na sabuni ya maji badala ya kipande. Redio nayo ina miguu? Ishushe.

Kuhusu kupenda, sikuahidi. Mimi bado siipendi pasi na nywele zina mvi. Unachoweza kupata ni kutoichukia sana, na hilo linatosha kuosha sahani nne. Siku za zamu ya usiku, vyombo viwe vyako bila mjadala. Siku nyingine mpange. Na kitu kimoja kimenikera katika barua yako: umenieleza unachopenda na unachochukia kwa kirefu, lakini dada anachukia kazi gani? Hukutaja. Nadhani hujui. Muulize leo, tena usimuulize akiwa ndio kwanza anavua viatu.

SWALI: Shangazi, mama fua wangu anafua vizuri ajabu na anapiga deki akiimba, lakini nikimwomba aoshe choo ananuna. Kazi si ni ile ile ya usafi? Nimfanye nini?
– Mwenye Nyumba, Donholm

JIBU: Mlikubaliana nini siku ya kwanza? Kama ni nguo na deki, basi choo ni kazi nyingine na ina bei yake. Usimtupie mwishoni, wakati amekwisha kukausha mikono na anatafuta viatu vyake. Mwambie asubuhi, mwongeze pesa, mnunulie glavu na brashi yenye mpini mrefu. Akikataa hata hivyo, basi brashi unayo tayari.